Msituambie Tujifiche, Tufundisheni Kufungua Duka

Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa maneno mengi. Mimi ni fundi wa cherehani, kazi yangu ni kuinama kimya na pini mdomoni. Lakini semina ile ya mwezi uliopita imenikaa kooni, na nikiendelea kunyamaza itanikaba.

Tulikuwa wanawake ishirini na wanne chini ya mabati, hapa Kakuma, saa nane mchana, joto lake mnalijua. Mwezeshaji, kijana mwenye heshima zake, alikuja kutufundisha usalama wa mitandaoni. Bango lake lilikuwa na mistari minne. Usiweke picha yako. Usiweke jina lako. Usiweke namba yako ya simu. Usizungumze na mtu usiyemjua. Tukapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono, nikauliza: "Mwalimu, mimi nauza nguo. Mteja asiponiona, asiponijua kwa jina, asiponipata kwa simu, na mimi nisipozungumza na nisiyemjua, hiyo nguo nitamuuzia nani?" Akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri, tutalirudia baadaye.

Hiyo baadaye haikufika. Ilifika kamera. Tulipewa vyeti, tukapangwa mstari, tukaambiwa tuvishike kifuani vizuri ili majina yasomeke, tukapigwa picha. Baada ya siku mbili picha ile iko kwenye ukurasa wa shirika lenyewe. Sura zote ishirini na nne. Majina yanasomeka. Na chini yake wameandika tumetoka nchi gani na tunakaa sehemu gani ya kambi.

Jamani. Saa nane nifundishwe kwamba sura yangu ni hatari, saa kumi sura hiyo hiyo ichukuliwe ikaonyeshwe kwa wafadhili? Kama ni hatari, ni hatari kwa wote. Kama si hatari, basi msininyang'anye mimi peke yangu.

Wacha nianze na duka, kwa sababu wengi wanaotufundisha hawajawahi kuuza hata sindano kambini. Soko letu la hapa ni watu wenye mfuko mmoja. Rashoni ikipunguzwa, inapunguzwa kwangu, kwa jirani, kwa muuza samaki na kwa kinyozi, siku ile ile. Nikikosa mimi, na mteja wangu amekosa. Ndiyo maana fundi wa kambi anahitaji mteja asiyekula kwa kadi: mwalimu wa Lodwar, bibi harusi wa Eldoret, Mkongomani mwenzangu wa Nairobi anayetaka sare za kitenge za watu kumi na wawili. Kwenda kuwatafuta kwa miguu siwezi. Kutoka kambini kunataka kibali, na "natafuta wateja" si sababu ambayo afisa anaikubali upesi. Gauni linaweza kupanda basi bila kibali. Mimi siwezi. Basi inayotembea kwa niaba yangu ni picha kwenye simu.

Kambi hii ilianza mwaka 1992. Kuna watu wazima waliozaliwa ndani yake, na sasa wana watoto wao. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inatambua kwamba mkimbizi anaweza kufanya kazi na biashara. Vizuri, tunashukuru. Lakini ruhusa ya kuuza bila njia ya kujitangaza ni cherehani isiyo na mkanda: unakanyaga, gurudumu la juu halizunguki. Biashara ni matangazo, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Na wazee wetu walisema mficha uchi hazai.

Sasa asinielewe mtu vibaya. Sisemi hatari ni uongo. Hatari naijua kwa jina lake, na mimi ndiye niliyeifungulia mlango, nikisaidiwa na wengine.

Nilitoka Uvira kwa sababu ya vita, lakini si vita peke yake. Mume wangu alipofariki, ndugu yake mmoja alisema mimi, watoto na kiwanja tumekuwa mali yake. Nilikataa. Yaliyofuata sitayaandika hapa. Nilivuka mipaka nikiwa na watoto watatu, na kwa miaka mingi yule bwana hakujua tuko nchi gani.

Miaka miwili iliyopita shirika fulani lilikuja kutafuta mwanamke aliyefanikiwa. Nikafurahi kuchaguliwa, kwa nini nisifurahi? Walinipa karatasi ya Kiingereza nisaini. Nilisaini. Ikatoka picha nzuri kweli, nikicheka, na maneno: jina langu lote kama lilivyo kwenye kadi, Uvira, Kakuma, namba ya bloku. Mwezi huo huo mimi mwenyewe, kwa kujivuna kwangu, niliposti picha kwenye Facebook. Nimekaa na cherehani mpya mbele ya nyumba. Nyuma yangu mlango wa bluu. Pembeni bomba la maji. Binti yangu amesimama na sare ya shule. Na jina la biashara? Nilijiita Mama na jina la mtoto wangu wa kwanza. Kwa hiyo jina la mtoto lilikuwa kwenye tangazo.

Wiki tatu baadaye ujumbe uliingia saa nne usiku. Aliandika hivi tu: "Mlango wa bluu, karibu na bomba. Watoto wamekua."

Usiku ule sikulala, na nyingi zilizofuata sikulala. Nilienda kwenye ofisi ya ulinzi, nikasikilizwa, nikahamishwa bloku. Nawashukuru waliosimama nami. Lakini pia nilifuta kila kitu: ukurasa, picha, namba. Miezi minne sikuwa na duka. Wateja niliowatafuta miaka mitatu wakaenda kwa mafundi wengine, na siwalaumu. Binti yangu alirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya michango ya shule. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho bango la semina halikusema: kujificha nako kuna gharama, na anayeilipa ni mimi na watoto wangu.

Tena nilielewa kosa lilikuwa wapi. Yule bwana hakunipata kwa sababu niliuza nguo. Hakunipata kwa sababu ya mshono wala bei. Alipewa jina kamili, mji, kambi na bloku na picha ya shirika. Na mimi nikammalizia kwa mlango, bomba na watoto. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuvihitaji vitu hivyo ili anunue gauni. Bibi harusi wa Eldoret anataka kujua kama ninashona vizuri, ni bei gani, itamfikia lini, na kama mimi si mwizi. Mlango wangu una rangi gani, hilo halimhusu.

Hapo ndipo ugomvi wangu na bango ulipo. Linachanganya duka na nyumba. Mtu akifungua duka mjini, haweki kitanda chake dirishani. Lakini dirisha halifungi kwa matofali. Kilichotakiwa ni kutufundisha kutenganisha. Kwa kuwa hawakufundisha, wacha niseme vile ninavyofanya mimi tangu niliporudi, na mwenye njia bora aandike toleo lijalo.

Jina. Biashara yangu ina jina lake, halina jina la mtoto, la kijiji, wala la kwenye kadi ya mkimbizi. Kwenye Facebook nina ukurasa wa biashara, na nikimjibu mteja pale linaonekana jina la biashara. Akaunti yangu mwenyewe iko kando, orodha ya marafiki nimeificha, na ndugu zangu hawaji kuandika "shikamoo shangazi" chini ya picha za nguo. Niliwaomba kwa upole, na wawili nikawaomba kwa ukali.

Picha. Nguo naitundika mbele ya shuka jeupe. Kabla ya kuposti naangalia pembe nne za picha kama ninavyoangalia pindo: kuna namba ya bloku? Kuna kadi? Kuna mtoto? Kuna bango la shule au la zahanati? Kikionekana kimoja, narudia. Mteja akivaa nguo yangu namwomba ruhusa kwa mdomo kabla ya kumpiga picha, na akisema hapana ni hapana. Sura yangu naweka, ndiyo, naweka. Wanunuzi wanamwamini mtu, na kwangu mimi sura haikuwa siri tena. Mwingine anaweza kuonyesha mikono tu ikishona, na inauza.

Wakati. Sisemi niko wapi sasa hivi. Nikipata kibali nikaenda Kitale kununua vitambaa, naposti vitambaa nikisharudi. Mwanamke akitangaza kwamba kesho atakuwa barabarani na pesa za vitambaa, amemwalika nani?

Simu. Hapa wenzetu wengi ndipo wanapoangukia. Tunaacha simu kwenye kibanda cha kuchaji asubuhi, tunaichukua jioni, haina hata namba ya siri. Mtu anahitaji dakika moja tu kuiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake, kisha anasoma kila kitu na wewe hujui. Fungua mahali pa vifaa vilivyounganishwa, angalia, ukikuta usichokijua kitoe. Na weka ile namba ya siri ya tarakimu sita ya WhatsApp, ya hatua ya pili. Jirani yangu anayeuza mafuta ya kupaka alipigiwa na "mteja" aliyesema, mama, nimetuma namba sita kwako kimakosa, nisomee. Akamsomea. Saa hiyo hiyo akaunti ikamtoka. Jioni wateja wake wote wakaombwa mkopo kwa jina lake, na watatu walituma. Pesa ilipotea kwa yule mwizi, lakini aibu ilibaki kwa jirani yangu. Mpaka leo kuna mtu sokoni hamsalimii. Zile namba sita ni ufunguo. Hakuna mteja wa kweli anayeuomba.

Malipo. Naomba nusu kabla ya kukata kitambaa, nusu kabla ya mzigo kupanda basi. Ujumbe wa M-Pesa ambao mteja amenitumia kama picha si pesa. Hata ujumbe ulioingia kwenye simu yangu naangalia umetoka wapi, halafu naangalia salio. Na mteja naye ana hofu yake, tena ya haki, kwa sababu matapeli wapo hata kwetu. Namtumia video fupi ya nguo yake, upande wa ndani, mshono unaonekana, na karatasi yenye tarehe ya leo. Uaminifu unaoonekana unauza kuliko picha yoyote ya huzuni.

Hapo kwenye huzuni nina neno kwa sisi wenyewe, maana sikuja kuwasema wageni tu. Kuna ndugu zetu wanaofungua TikTok usiku, wanaonyesha watoto wakilia, sufuria tupu, hata kadi ya rashoni yenye namba zote, wakiomba zawadi. Najua njaa, sitamcheka mwenye njaa. Lakini ukijitangaza kama mtu aliyekata tamaa, wa kwanza kukufikia ni yule anayewawinda waliokata tamaa. Ndio hao wanaokuja inboksi wakisema wanafanya kazi ofisi ya wakimbizi, jina lako limetoka kwenda Kanada au Australia, tuma shilingi kadhaa za faili. Huduma ya kuhamishiwa nchi ya tatu haiuzwi. UNHCR wamelisema tena na tena: huduma zao ni bure. Anayeomba pesa, awe na picha ya mzungu, awe na nembo ya bluu, ni mwizi. Kadi, namba ya kesi na barua za ofisi si vitu vya kuonyesha mtandaoni, si kwa biashara wala kwa kilio.

Sasa narudi kwenu, ndugu wa mashirika. Nimewasikia mkisema, "Tukiwafundisha kujitangaza halafu mmoja akapatwa na baya, tutalaumiwa." Hofu hiyo naielewa. Lakini angalieni inamlinda nani. Mkisema "msiweke kitu", faili lenu ni safi: mlionya. Sisi tutaweka vilevile, kwa sababu tunakula kwa kuuza, na tutaweka vibaya kwa kuwa hakuna aliyetuonyesha vizuri. Mtoto wa fundi hakatazwi mkasi milele, anafundishwa kuushika.

Nakubali wapo ambao hawatakiwi kuonekana kabisa. Kuna mwanamke aliyemkimbia mume aliyeko kambi hii hii. Kuna aliyeandika maneno dhidi ya wenye bunduki. Kuna ambaye kwao watalipizwa wazazi. Hao wakae pembeni, na wenzao wanaweza kuwauzia kwenye ukurasa wa kikundi bila kutaja jina. Lakini uamuzi huo unafanywa na mtu mwenyewe akiwa ameelezwa, mmoja mmoja. Haufanywi na bango kwa watu ishirini na wanne.

Mambo yenyewe ninayoyadai ni matatu.

La kwanza, picha zetu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inasema ridhaa inaweza kuondolewa na aliyeitoa, na habari za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Basi leteni karatasi ya Kiswahili, na kwa asiyejua kusoma msomeeni kwa lugha yake. Andikeni juu yake nani wa kupigiwa siku mtu akitaka picha itolewe. Na bloku yetu isiandikwe popote, hata kama tumesaini. Mfadhili aliyeko ng'ambo haji kunitembelea. Anayetaka bloku yangu ni mtu mwingine.

La pili, laini za simu. Wengi wetu tulinunua laini kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu karatasi zetu zilichelewa au zilikataliwa kwenye kaunta. Siku mwenye jina akiichukua laini yake, ameondoka na WhatsApp yako, wateja wako na pesa yako, na huna pa kulalamika. Mteja naye akituma pesa anaona jina la mwanamume asiyemjua, anaogopa, anaghairi. Mnaendesha semina za usalama kila mwezi. Mwezi mmoja tu, badala ya semina, tusindikizeni kaunta tusajili laini kwa majina yetu. Ulinzi huo unashinda bango lolote.

La tatu, jibuni swali langu. Leteni mwalimu aliyewahi kuuza kitu kwa simu, hata kama ni mkimbizi mwenzetu, na mumlipe kama mnavyowalipa wanaotoka Nairobi.

Mtaniuliza, na yule bwana je? Yupo. Sijui atachoka lini. Nimemzuia kwenye kila akaunti, na ujumbe wake nimeuhifadhi kwa skrinishoti, na tarehe, na ofisi ina nakala. Mlango wangu wa sasa hamtauona popote. Lakini nimekataa aniue mara mbili, mara ya kwanza kwa kunikimbiza, mara ya pili kwa kunifungia duka. Wiki hii nina oda ya sare tisa za harusi, za mtu wa Eldoret nisiyemjua, aliyeniona kwenye simu.

Semina nyingine imetangazwa Jumanne, mahali pale pale, bango nadhani ni lile lile. Nitakuja. Nitakaa mbele, simu yangu ikiwa na chaji, na kamera ikitolewa nitauliza kwanza karatasi iko wapi, na imeandikwa kwa lugha gani. Wale ishirini na watatu wengine, tukutane saa saba, tuingie pamoja.